Huria, Wazi na Bure: Mvutano wa Leseni za Programu na Wajibu wa Mfasiri

Mwezi Machi 2024, kampuni inayomiliki Redis, programu inayohifadhi data katika kumbukumbu ya kompyuta ili ipatikane kwa haraka, ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 7.4 programu hiyo haitatolewa tena kwa leseni ya BSD. Mahali pake ziliwekwa leseni mbili nyingine, na mtumiaji alitakiwa kuchagua mojawapo. Bei haikubadilika: mtu wa kawaida aliendelea kuipakua bila kulipa. Msimbo wake haukufichwa: aliyetaka kuusoma aliendelea kuusoma. Hata hivyo, wengi waliokuwa wakiitegemea walisema kwamba Redis si programu huria tena, na kabla mwezi haujaisha Linux Foundation ilikuwa imetangaza mradi mpya, Valkey, wa kuuendeleza msimbo wa zamani kwa leseni ya zamani.

Habari hii ni mtihani kwa mfasiri wa Kiswahili. Akiandika kwamba Redis “ilikuwa programu ya bure”, msomaji atauliza: je, sasa inauzwa? Haiuzwi. Akiandika kwamba “ilikuwa na chanzo wazi”, msomaji atauliza: je, sasa chanzo kimefungwa? Hakikufungwa. Katika tafsiri zote mbili tukio lenyewe linatoweka, na ugomvi uliowahusu maelfu ya wataalamu unaonekana kuwa kelele zisizo na sababu. Kilichobadilika si bei wala uwazi, bali ruhusa: nani anaweza kufanya nini na msimbo anaousoma. Makala haya yanaeleza chimbuko la mvutano huo, kisha yanapendekeza namna ya kuyatenga maneno yanayochanganywa.

Neno moja la Kiingereza, maneno kadhaa ya Kiswahili

Tatizo lilianzia katika Kiingereza. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation. Neno “free” katika jina hilo lina maana mbili: kisicholipiwa na kisichofungwa. Stallman alikusudia maana ya pili. Programu anayoizungumzia ni ile inayompa mtumiaji uhuru wa aina nne: kuiendesha kwa lengo lolote, kuuchunguza na kuubadilisha msimbo wake, kusambaza nakala zake, na kusambaza nakala alizozirekebisha. Kwa miongo kadhaa wafuasi wake wamelazimika kueleza kwamba hawazungumzii bei.

Mwaka 1998 baadhi ya wanaharakati walichagua jina jingine, “open source”, ili kuukwepa utata huo na kuwavutia wafanyabiashara. Mwaka huohuo likaundwa shirika la Open Source Initiative, ambalo lilitoa fasili yenye masharti kumi. Masharti mawili kati ya hayo yana uzito wa pekee katika mjadala wa leo: leseni isimbague mtu wala kundi lolote, na isizuie matumizi katika shughuli yoyote. Lakini jina hilo jipya nalo lilizaa utata wake, kwa kuwa mtu asiyeijua fasili hudhani kwamba msimbo ukionekana tu, sharti limetimia.

Kiswahili hakikulazimika kuurithi utata wowote kati ya hizo mbili. Tuna “bure” kwa kisicholipiwa, tuna “wazi” kwa kinachoonekana au kisichofungwa, tuna “huru” kwa kisicho chini ya mamlaka ya mwingine, kama katika “nchi huru” na “mahakama huru”, na tuna “huria” kwa shughuli isiyowekewa vizuizi vya kushiriki, kama katika “soko huria”. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ni mfano unaofaa kutumiwa darasani. Wanafunzi wake hulipa ada. Kwa hiyo “huria” katika jina lake haina maana ya “bure”. Hutaja namna watu wanavyoruhusiwa kuingia na kusoma. Ndivyo ilivyo kwa programu huria: inaweza kuuzwa, na mnunuzi akabaki na haki ya kuibadilisha na kuigawa.

Hapa lirekebishwe kosa jingine linaloonekana mara kwa mara, la kuzipambanisha “programu huria” na “programu zenye hakimiliki”. Programu huria zina hakimiliki. Leseni hupata nguvu kutokana na hakimiliki hiyo: mwenye mali ndiye anayeweza kutoa ruhusa na kuweka masharti ya ruhusa. Programu isiyo na leseni kabisa, hata kama msimbo wake umeanikwa hadharani, hairuhusu mtu mwingine kuisambaza.

Sababu za ugomvi

Leseni huria ziko katika makundi mawili makuu. Kundi la kwanza, lenye leseni kama MIT, BSD na Apache, huomba machache: taja mwenye kazi, hifadhi tangazo la leseni, kisha fanya utakalo, hata kuutia msimbo huo ndani ya bidhaa iliyofungwa. Kundi la pili, linaloongozwa na GPL, huweka sharti la kurithisha: ukiibadilisha programu na kuisambaza, nawe uwape wapokeaji wako haki zilezile ulizopewa.

Leseni za awali za GPL ziliandikwa wakati programu ilipokuwa kitu cha kukabidhiwa mtu mkononi. Huduma za wingu zimebadili hali hiyo. Kampuni kubwa yenye seva nyingi inaweza kuchukua programu huria, kuiendesha kwenye seva zake, na kuwatoza wateja kwa matumizi yake kupitia mtandao. Hakuna nakala iliyosambazwa, kwa hiyo sharti la kurithisha haliamki. Leseni ya AGPL ilitungwa ili kuliziba pengo hilo kwa kumtaka anayeirekebisha programu awape msimbo wake hata wanaoitumia kwa mtandao. Baadhi ya kampuni zilizotengeneza programu hizo ziliona kwamba hilo halitoshi.

Mwaka 2018 MongoDB iliiacha AGPL na kutunga SSPL, leseni inayomtaka anayeiuza programu hiyo kama huduma atoe pia msimbo wa mitambo yote anayoitumia kuiendesha huduma. Mwaka 2021 Elastic iliiacha leseni ya Apache, na Agosti 2023 HashiCorp ikaihamisha Terraform kwenye leseni inayowazuia washindani wake, ikiahidi kwamba kila toleo litarudi kwenye leseni huria baada ya miaka minne. Redis ilifuata mwaka 2024.

Hoja ya kampuni hizi haipaswi kudharauliwa. Waandishi wa programu hulipwa mishahara. Wakuzaji wa wingu wanaovuna pasipo kupanda huwaachia wengine gharama ya kuziba nyufa za usalama na kujibu maswali ya watumiaji. Hoja ya upande wa pili nayo ni nzito. Miradi hiyo ilikua kwa sababu watu wa nje waliipa saa zao, wakiamini ahadi iliyoandikwa katika leseni. Aliyechangia msimbo chini ya sharti la kutobagua ana haki ya kulalamika anapoona mchango wake ukiwekwa chini ya leseni inayobagua, hata kama anayebaguliwa ni tajiri.

Matokeo yametoa funzo. Kutokana na Elasticsearch ilizaliwa OpenSearch. Kutokana na Terraform ilizaliwa OpenTofu. Kutokana na Redis ilizaliwa Valkey. Leseni huria haiwezi kunyang’anywa katika toleo lililokwisha kutolewa, kwa hiyo waliokataa masharti mapya walianzia pale njia zilipoachana. Elastic iliongeza AGPL miongoni mwa leseni zake mwaka 2024, na Redis ikafanya hivyo mwaka 2025. Kampuni zote mbili zilirudi chini ya fasili ya mwaka 1998, ingawa kwa leseni kali zaidi kuliko zile zilizoziacha.

Akili mnemba na uzito wa kisheria wa neno

Mvutano huohuo umehamia kwenye akili mnemba. Meta ilipotoa modeli ya Llama 2 mwezi Julai 2023, iliitangaza kuwa huria. Lakini leseni yake iliwataka wenye bidhaa zinazotumiwa na watu zaidi ya milioni 700 kwa mwezi waombe kibali maalumu, na iliorodhesha matumizi yaliyokatazwa. Open Source Initiative ilikataa kuitambua leseni hiyo. Oktoba 2024 shirika hilo lilitoa fasili yake ya akili mnemba iliyo huria, nayo ikazua ubishi: inataka maelezo ya kina kuhusu data iliyotumika kuifunza modeli, lakini haitaki lazima data yenyewe itolewe. Wakosoaji wanauliza uhuru wa kuibadilisha modeli una maana gani ikiwa malighafi yake haipatikani.

Si suala la heshima ya jina peke yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, iliyopitishwa mwaka 2024, inazipunguzia modeli zinazotolewa kwa leseni huria baadhi ya wajibu wa kutoa nyaraka. Kwa hiyo atakayeitafsiri hati ya sheria ya namna hiyo na kuandika “wazi” mahali pa “huria” atakuwa amepanua msamaha ambao mtunga sheria hakuutoa.

Hali ilivyo kwetu

Wazungumzaji wa Kiswahili wanaishi ndani ya mambo haya hata wasipoyasikia. Simu nyingi zinazotumiwa Afrika Mashariki zina mfumo wa Android, ambao kiini chake ni Linux, chini ya GPL. Takwimu za zahanati na hospitali nchini Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hukusanywa kwa DHIS2, programu inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutolewa kwa leseni ya BSD. Wizara ya afya inayoitumia haimwombi mtu ruhusa ya kuongeza fomu, kuitafsiri kwa Kiswahili au kuiweka kwenye seva zake. Afisa anayeandaa zabuni na kuandika “iwe ya bure” badala ya “iwe huria” anaweza kuletewa programu isiyolipiwa mwaka huu ambayo mwakani itamfunga mikono.

Lugha yenyewe nayo imeingia katika mizani. Sauti za Kiswahili zilizokusanywa na mradi wa Common Voice wa Mozilla zilitolewa kwa CC0, tamko la kuachilia haki zote, ili mtu yeyote azitumie kwa lolote, ikiwa ni pamoja na kampuni kubwa kuliko zote. Nchini New Zealand, chombo cha utangazaji cha Te Hiku Media kilichagua njia tofauti kwa sauti za Kimaori: leseni iliyojengwa juu ya kaitiakitanga, yaani ulezi wa amana, ambayo huangalia kwanza manufaa ya Wamaori wenyewe. Kwa fasili ya Open Source Initiative, leseni ya namna hiyo si huria, kwa kuwa inatofautisha watu. Hilo halina maana kwamba ni mbaya. Jamii inaweza kuwa na sababu nzuri ya kutotaka kuwa huria, ilimradi ijue inachagua nini na ikiite kwa jina lake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Anayekusanya maneno, sauti au hadithi za wazee bila kuandika masharti ya matumizi yake ameiacha mali nje ya daftari.

Mapendekezo ya matumizi

“Programu huria” itumike pale tu ambapo leseni inaruhusu kutumia, kubadilisha na kusambaza bila kubagua mtu wala shughuli. Mfano: “Valkey ni programu huria inayotolewa kwa leseni ya BSD.”

“Programu yenye msimbo unaosomeka” itumike kwa zile ambazo msimbo wake umeanikwa lakini matumizi yake yamewekewa mipaka. Mfano: “Kuanzia Agosti 2023, matoleo mapya ya Terraform ni programu yenye msimbo unaosomeka, si programu huria.” Maneno “chanzo wazi” yamekwisha kuenea kwa maana ya kwanza, atakayeyatumia aeleze mara moja, mwanzoni mwa matini, anakusudia nini.

“Programu ya bure” itaje bei peke yake. Mfano: “Programu hii ni ya bure kwa wanafunzi, lakini hairuhusiwi kunakiliwa.”

Mfasiri asiye na hakika asitegemee tangazo la kampuni. Afungue faili ya leseni, ambayo kwa kawaida huwekwa pamoja na msimbo, na aulize maswali matatu: Je, mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, akiwemo mshindani wa mwenye mali? Je, anaruhusiwa kuirekebisha? Je, anaruhusiwa kuigawa au kuiuza iliyorekebishwa? Jibu moja likiwa “hapana”, neno “huria” lisiandikwe.