Motokari ya konje iangaliwe kama machini ya mine



Kila mutu wa mine anajua hii sheria: mbele ya kuanza posti, shofere wa kamioni kubwa anazunguka machini yake. Anaangalia pine, freni, mafuta, mayi, taa. Anajaza fishi na anatia sinyatiri. Kama freni haiko sawa, machini haitoki, hata shefu akililia tani zake. Ile sheria iliandikwa juu ya watu waliokufa.

Sasa tuulize. Mutu ule ule, siku ya konje, anapanda na bibi na watoto mu Hiace, wanatoka Kolwezi kwenda Lubumbashi. Nani amezunguka ile motokari? Nani amejaza fishi? Hakuna. Mizigo inafungwa juu, pahali pa watatu panakaa watano, na watu wanasema: "Twende tu, Mungu atatulinda." Mungu anatulinda, lakini pine yenye kuisha haigeuke mupya kwa maombi.

Kutoka Kolwezi mupaka Lubumbashi, kupitia Likasi, ni karibu kilometa 300. Ile barabara tunaigawanya na makamioni yenye kubeba shaba. Mvua ikianza, barabara inateleza. Na motokari nyingi zetu zina volanti kuume, lakini hapa kwetu tunatembea kuume kwa barabara. Shofere akitaka kupita kamioni, haone mbele mupaka atoshe kwanza motokari yake inje. Pale njo watu wengi wanaachia roho.

Kwa hiyo motokari iangaliwe siku moja mbele ya safari, hapana asubui ku parkingi wakati watu wamekwisha kukaa.

Tuanze na pine. Mistari yake ionekane vizuri, na pembeni pasiwe na nyufa. Wale wananunua pine ya okazioni waangalie namba 4 za mwisho za ile alama ya DOT: 2316 maana yake imetengenezwa juma la 23 la mwaka 2016. Pine inazeeka hata kama haitembee. Upepo upimwe wakati pine ingali baridi. Pine ya sekuru nayo ijazwe upepo, na kriki na funguo ya kufungulia vikuwe ndani.

Freni: mukikanyaga na mguu unashuka chini polepole, safari isianze. Mafuta ya freni inavuta mayi ya hewani kidogo kidogo. Ikikaa miaka, siku ya mutelemuko murefu inachemuka, na mguu unakanyaga bure. Mukumbuke pia: mu kilometa 100 kwa saa, freni inaomba nafasi mara ine kuliko mu kilometa 50. Na mizigo mingi inaiongeza tena.

Mayi ya radiatere iangaliwe motere ikiwa baridi. Yenye moto haifunguliwe, inachoma uso. Taa za nyuma ziwake, juu kamioni isiwagonge magaribi.

Kisha, shofere mwenyewe. Iko watumikaji wanatoka posti ya usiku saa kumi na mbili ya asubui, na saa moja wamekwisha kukamata volanti. Mutu wa vile anasinzia na macho wazi. Alale kwanza. Konje haitakimbia.

Wengine watasema: "Makuta ya pine mupya itatoka wapi?" Ni swali la haki, mishahara tunaijua. Lakini kuangalia hakuombi makuta, na kukatala kupanda hakuombi makuta. Familia tano au sita zikikodi motokari pamoja, zinaweza kupatana na mwenyewe: nusu ya bei italipwa kisha fundi wetu kuiangalia. Mwenyewe akijua watu watashuka, atatafuta pine.

Kwa wakubwa wa kazi tuko na neno. Basi zenye kupeleka watumikaji ku mine zinakimbia kila siku mu ile ile barabara. Sheria ya usalama wa kijamii inahesabu ajali ya njia ya kazi kuwa ajali ya kazi. Basi basi hiyo ni chombo cha kazi, kama kamioni ya ku shimo. Tunaomba fishi ya kila basi ionyeshwe ku madelege wa sendika, na shofere mwenye kukatala kutosha basi mbovu asiazibiwe. Kampuni yenye kujua kusimamisha machini juu ya freni haiwezi kusema haijue kusimamisha basi.

Ba mama, ninyi njo munapanga safari: vikapo, nguo za watoto, chakula cha njiani. Muongeze kazi moja: kabla mutoto hajapanda, muzunguke motokari pamoja na baba yake. Shofere akikasirika, mumuambie ku mine wanafanya vile kila siku. Akizidi kukasirika, mushushe mizigo, mutafute ingine.

Sikukuu za mwezi wa 12 zinakaribia, na mvua pia. Siku ya konje hakuna tani zinatungojea. Tuchukue nusu saa tuangalie, tufike wote.