Barua pepe za kampuni: seva iende, jina libaki

Wakala wa forodha wa Dar es Salaam anamtumia mteja wake wa Lubumbashi ankara ya mzigo uliofika bandarini. Ankara inaangukia kwenye barua taka, mteja haioni, na gharama za kuhifadhi mzigo zinazidi kupanda. Je, kampuni kama hiyo iendeshe seva yake ya barua pepe, au kazi hiyo iikabidhi kwa watu wa nje?

Kwa kampuni nyingi ndogo na za kati, nasema iikabidhi. Kufunga seva si kazi kubwa. Kazi ni kuifanya iaminike. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza masharti: anayepeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, yaani vithibitisho kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina. Mtumaji mdogo naye anatakiwa awe na SPF au DKIM. Tena virusi vikiingia kwenye kompyuta moja tu ya ofisini na kuanza kutuma taka, anwani ya seva huingizwa kwenye orodha ya wanaokataliwa, na kuitoa humo kunahitaji mtu mwenye ujuzi na muda. Ofisi nyingi zina kijana mmoja wa TEHAMA, naye ndiye anayeitwa printa ikigoma.

Usalama nao upimwe kwa haki. Machi 2021, Microsoft ilitangaza kwamba wadukuzi wanapenya kupitia kasoro za Exchange Server, programu yake ya seva za barua pepe. Walioumia ni wale waliokuwa wakiendesha seva zao wenyewe. Exchange Online, huduma ileile inayoendeshwa na Microsoft yenyewe, haikuguswa. Lakini mwaka 2023 wadukuzi walipata ufunguo wa Microsoft yenyewe, wakasoma barua za maofisa wa serikali ya Marekani. Muuzaji akikuahidi usalama usio na shaka, usimwamini.

Wanaopinga wana hoja nzito ya mkongo: seva ikiwa ng'ambo, mkongo ukikatika hufikii barua zako. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Hospitali na SACCOS zina hoja nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Hao waulize kwanza data itakaa wapi, na mtoa huduma wa hapa nchini anaweza kuwafaa zaidi.

Kinachonitia hofu zaidi ni domeni, yaani jina la kampuni linalofuata alama ya @ kwenye anwani. Wenye biashara wengi humwachia aliyewatengenezea tovuti aisajili kwa jina lake na kwa simu yake. Wakikosana, kampuni haiwezi hata kuhama. Mwenye domeni yake, akichoshwa na mtoa huduma, hubadilisha rekodi za MX, zinazoonyesha seva ya kupokea barua, na barua mpya zikaanza kuingia kwingine, anwani ikiwa ileile. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wowote, hakikisha domeni imesajiliwa kwa jina la kampuni na nywila yake anayo mkurugenzi.