*TAMKO LA TAWI: RELI IKIISHA KUJENGWA, KAZI NDIYO INAANZA*



Wiki iliyopita palitokea mjadala mkali kwenye kundi letu. Mwenzetu mmoja aliuliza: treni ya SGR ikianza kupita huku kwetu Manyoni na Itigi, itasimama mara ngapi kwa siku, na nani atalipia uendeshaji wake? Akajibiwa kwamba hayo ni maswali ya watu wanaobeza maendeleo. Baadhi yenu mkaomba aondolewe kwenye kundi.

Kamati ya Tawi imekaa na kulizungumza. Msimamo wetu ni huu: *swali lile ni halali, mwenzetu haondolewi, na tawi linalibeba swali lake.* Tunaomba mtusome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

*1. Tujifunze kwa mwendokasi wa Dar es Salaam*

Dar es Salaam haina treni ya chini ya ardhi kama Cairo. Kazi ya kubeba umati wa jiji ilipewa mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake na vituo vyake. Wengi wetu tunayajua. Ukishuka na basi la Singida pale stendi ya Magufuli, Mbezi, na mzigo wako wa mafuta ya alizeti na kuku wawili, safari ya mjini bado iko mbele yako, na mwendokasi ndiyo tegemeo.

Awamu ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, ni karibu kilomita 21. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Aliyezoea kukaa kwenye foleni tangu alfajiri alifika kazini jua likiwa bado dogo.

Baadaye kilitokea nini? Barabara haikuharibika. Uendeshaji ndio uliopwaya. Huduma ilianza na mabasi 140, abiria wakaongezeka, mabasi yakachakaa. Karakana iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko yakaifuata humo humo zaidi ya mara moja. Mabasi mengine yaliyoagizwa yalikwama bandarini kwa muda mrefu kwa mvutano wa kodi na taratibu. Kwa miaka mingi abiria alipanga foleni dirishani akate tiketi ya karatasi, halafu akapanga foleni nyingine kusubiri basi.

Njia ya Mbagala nayo inatufundisha. Zege lilimwagwa, vituo vikajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kisha vikakaa vikisubiri mabasi mpaka 2025. Mwananchi wa Mbagala aliitazama njia tupu kutoka dirisha la daladala iliyojaa.

*2. Addis Ababa nao yaliwakuta*

Tusidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 2015 Addis Ababa ilizindua treni ya umeme ya mjini, yenye urefu wa kilomita 34 hivi, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa China. Ilianza na treni 41. Nauli iliwekwa chini sana, birr 2 hadi 6, ili mnyonge apande. Nia ilikuwa njema. Lakini mapato hayakutosha kuendesha, vipuri vilihitaji fedha za kigeni, na baada ya miaka michache zaidi ya nusu ya treni zile zilikuwa zimeegeshwa. Reli ipo, umeme upo, treni zimelala.

*3. Vitabu viwili*

Sisi tuliosoma hesabu tunafundishwa mapema kutenganisha matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Kujenga reli ni maendeleo: unakopa, unajenga, unakata utepe. Kuendesha reli ni matumizi ya kawaida: umeme, mishahara, vipuri, ulinzi, usafi wa choo cha stesheni, kila siku bila likizo. Kitabu cha kwanza kina sherehe. Cha pili hakina, ndiyo maana hakisomwi kwenye mikutano.

Tuchukue mfano mdogo. Treni ya kawaida Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza kwa nauli ya shilingi 31,000. Chukulia behewa la viti 80. Likijaa, linaingiza shilingi 2,480,000. Likienda nusu, ni 1,240,000. Lakini mshahara wa dereva haupungui nusu, na riba ya mkopo haiulizi behewa lilikuwa na watu wangapi. Kwa hiyo anayeuliza abiria watapatikana vipi na treni itasimama wapi hapingi reli. Anaitafutia chakula chake.

*4. Yanatuhusu vipi sisi wa Singida*

Safari za SGR zilianza Juni 2024 hadi Morogoro na Julai mwaka huo huo hadi Dodoma. Tulifurahi, na furaha hiyo hatuirudishi. Kipande cha Morogoro kinaishia Makutupora, ambayo ni Manyoni hii hii. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021, na njia yake inapita mlangoni kwetu.

Mtakumbuka 2024 hiyo, huduma ikiwa changa, Shirika la Reli lilieleza kwamba ngedere na bundi walisababisha hitilafu ya umeme njiani. Wengi tulicheka. Lakini ndiyo uendeshaji wenyewe huo: mnyama mmoja kwenye waya, mamia ya watu wamekwama porini. Lazima awepo mtu wa kushughulikia, mwenye kifaa, mwenye gari, na aliyelipwa mshahara.

Na kwa anayesema tunajitabiria mabaya, tunamwomba aangalie reli ya zamani ya Manyoni kwenda Singida mjini. Haijapata treni ya abiria kwa miaka mingi. Reli ile haikukosa kujengwa. Ilikosa kuendeshwa.

*5. Tunachopendekeza*

Kwenye mkutano mkuu wa tawi tutaleta azimio la kupeleka kata, na kata ipeleke wilayani, likiwa na mambo manne:

a) Kabla stesheni za Manyoni na Itigi hazijafunguliwa, wananchi waelezwe ni treni ngapi zitasimama kila siku na saa ngapi. Treni inayopita saa nane usiku bila usafiri wa kwenda vijijini haimsaidii mama mwenye mgonjwa.

b) Barabara za kufika stesheni na eneo la kupakia mizigo viwekwe kwenye mpango sasa. Vitunguu, alizeti na kuku wetu havina haja ya kwenda Dodoma kwa lori ili vikapande treni inayotoka kwetu.

c) Kila mwaka mapato, gharama za uendeshaji, matengenezo na marejesho ya mkopo vitangazwe kwa lugha ambayo mwanachama wa kawaida anaielewa.

d) Vijana wa mkoa huu wafundishwe matengenezo ya reli na umeme wake mapema, wasiishie kubeba zege wakati wa ujenzi tu.

Na sisi tuna wajibu. Tulinde nyaya na uzio. Anayenunua chuma cha wizi mtaani kwetu tumtaje. Tusichunge mifugo kwenye njia ya treni. Na tiketi tukate.

*6. Neno la mwisho kwa wenzetu waliokasirika*

Tunaelewa uchungu wenu. Mmekitetea chama hiki juani na kwenye mvua, na mtu akiuliza swali gumu mnahisi anawavua nguo. Lakini mwanachama anayeuliza ndani ya kikao anakilinda chama. Asipoulizia humu, wenzetu wa Mbagala wanajua kitakachotokea: swali litaulizwa kituoni, na watu wenye hasira.

Tunaomba ujumbe huu ufike kwenye mashina yote. Kila shina lije mkutanoni na orodha ya mazao na abiria ambao treni inaweza kuwabeba kutoka eneo lake. Tukienda kata, twende na namba mkononi.



_Kwa niaba ya Kamati ya Tawi,_
*Katibu wa Tawi*