Vijana walemavu wa Nyangwe wapimwe kwa kazi yao, si kwa miguu

Kijana mlemavu wa Nyangwe, katika eneo la Kasongo, akisema anataka kuandika programu za kompyuta na kulipwa, wengi humuuliza ataweza wapi. Akiulizwa hivyo mara nyingi, mwishowe anaanza kujiuliza mwenyewe. Kazi inapotea kabla hata hajaiomba.

Shaka hiyo haina msingi. Kuandika programu ni kupanga maagizo ambayo kompyuta itayafuata. Ni kazi ya kukaa, na ikiisha inatumwa kwa intaneti. Haihitaji kupanda pikipiki katika matope mpaka Kindu.

Mfano uko Ghana. Farida Bedwei alizaliwa mwaka 1979 na ana mtindio wa ubongo, hali inayomzuia kutembea na kutumia mikono kwa urahisi. Alifundishwa nyumbani na mama yake kabla ya kuingia shule. Baadaye akawa mhandisi wa programu, na mwaka 2011 alishiriki kuanzisha kampuni ya Logiciel. Ndiye aliyetengeneza gKudi, programu inayotumiwa na taasisi za mikopo midogo.

Si lazima kijana wa Nyangwe aanze na mteja wa Ulaya. Duka la dawa linaandika madeni kwenye daftari. Shule inahesabu minervali kwa mkono. Chama cha akiba kinagombana kwa sababu hesabu hazilingani. Programu ndogo moja inayomaliza tatizo la mmoja wao ina uzito kuliko maneno mengi katika barua ya kuomba kazi. Bei ipatanwe mapema, na malipo yanaweza kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mteja wa kwanza akilipa, shaka inapungua.

Lakini moyo peke yake hautoshi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinawapa walemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 imekuja kulinda na kukuza haki zao. Sheria hiyo haina faida kama inabaki Kinshasa. Serikali ya jimbo la Maniema inaweza kuanza na chumba kimoja: umeme wa jua, kompyuta chache, intaneti, na mlango ambao kiti cha magurudumu kinapita. Mashirika yanayotafuta wafanyakazi nayo yasidai ujuzi wa kuendesha pikipiki kwa kazi inayofanyika mezani.

Wazazi nao wana sehemu yao. Pesa ya shule au ya simu inapogawanywa nyumbani, mtoto mlemavu asiwekwe wa mwisho. Huenda ndiye atakayelisha nyumba kesho, akiwa amekaa palepale.