KINGA YA KOMPYUTA YA NYUMBANI: NANI ALIPE?



Tangu wenzetu kadha wa Kibera na Kawangware waanze kufanya kazi za ofisi wakiwa nyumbani, swali moja halikosi kuulizwa tukikutana. Je, mtu mwenye kompyuta moja ya mtumba hapana budi anunue programu ya kuzuia virusi, pamoja na ule ukuta wa kinga ambao mafundi huuita fayawoli? Wauzaji husema ndiyo. Hilo halishangazi, sijapata kumsikia muuza miavuli akisema kwamba mvua haitanyesha.

Maoni yangu ni kwamba kinga ni lazima, lakini kuinunua si lazima. Ukuta wa Windows huja umewashwa tangu mwaka 2004, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 programu ya kuzuia virusi imo ndani bila malipo. Ukuta huwakataa wageni wanaobisha hodi kutoka kwenye mtandao. Programu ya virusi hukagua faili lililokwisha kuingia. Wengi huchanganya mambo haya mawili. Ukuta haukuokoi na flashi uliyoichomeka kwa mkono wako mwenyewe.

Mimi nalijua hilo kwa hasara. Nilikwenda na flashi kuchapa fomu katika saiba moja karibu na kituo cha 46, Kawangware. Niliporudi Makina na kuifungua, kila faili lilikuwa limegeuka alama ya njia ya mkato, na orodha ya ada za wanachama haikuonekana tena. Siku mbili sikupata usingizi, maana fedha za watu si mchezo. Fundi aliyeifichua alinionyesha jambo la aibu: mlinzi wa Windows alikuwa amezimwa. Aliyeniuzia mashine alikuwa ameweka Windows ya wizi, na programu ile ya kuvunja leseni ilitaka kinga izimwe kwanza. Yaani nililipa ili mlango wangu uachwe wazi! Nashuku nusu ya mashine katika vibanda vyetu zina hadithi hiyohiyo.

Kuna na kosa la pili, nalo latokana na umaskini. Tunazuia masasisho ili yasile bando. Wandugu, kumbukeni Mei 2017. Kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga mafaili katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi, miezi miwili mbele. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, au waliokuwa na Windows ya zamani.

Sasa shida imezidi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Asiyejiandikisha kupata nyongeza hapati viraka vipya vya usalama. Windows 11 nayo yataka mashine mpya zaidi, na nyingi za mtumba haziikubali. Linux ni ya bure na ni halali, nayo hukubali mashine nyingi kuukuu, lakini mtu aanze kwa kuuliza kama programu za kazi yake zitafanya kazi humo.

Hapo ndipo nataka kuwauliza matajiri wetu. Mfanyakazi anaambiwa aandike majina, namba za vitambulisho na namba za simu za wateja kwa kompyuta yake, kwa umeme wake, kwa bando lake. Habari zikiibwa, anaitwa mzembe. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtwika wajibu wa kuzilinda yule anayeamua habari zikusanywe kwa kusudi gani, na huyo ni tajiri. Seremala wa kiwandani haji na msumeno wake. Basi tajiri na alipe leseni halali na bando la masasisho, ama alete mashine yake.

Nitalitoa neno hili katika mkutano ujao wa tawi. Wenzangu wa Kawangware mnaofanya kazi hizi, wekeni risiti zenu za bando za miezi mitatu mje nazo.