Kisahani Kinachotoboa Siri ya Bunduki

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kupita penye sanamu za askari katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi. Ziliwekwa mwaka wa 1928 kuwakumbuka waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Je, mtoto amewahi kukuuliza bunduki za askari wale zilitoka wapi?

Sanamu haitakujibu. Lakini bunduki halisi za jeshi la Uingereza za enzi hizo zilipigwa chapa, na anayejua kuzisoma hadanganyiki ovyo. Usilolijua ni kama usiku wa kiza.

Anza na chuma. Kwenye Lee-Enfield, tazama upande wa kulia, pale mbao ya kitako inapoungana na chuma. Utaona taji na herufi za mfalme. V.R. ni Malkia Victoria, aliyefariki 1901. E.R. ni Edward wa Saba, aliyetawala hadi 1910, na G.R. ni George aliyemfuata. Chini yake huandikwa kiwanda, kama vile Enfield au B.S.A., kisha mwaka. Kishale kidogo maana yake ni mali ya serikali. Vishale viwili vikitazamana ncha kwa ncha, bunduki hiyo ilikwisha kuuzwa nje ya jeshi.

Hayo yote yanaeleza bunduki iliundwa lini na wapi. Iliyembeba ni kikosi gani? Jibu la hilo liko kwenye kitako, katika kisahani cha shaba ya manjano kilicho kama sarafu.

Tuseme umesoma: 3 K.A.R., chini yake 6.12, kisha 417. Hiyo ni batalioni ya tatu ya King's African Rifles, jeshi ambalo babu zetu waliliita Keya. Liliundwa mwaka wa 1902. Batalioni ya kwanza ilikuwa ya Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, ya tatu ya Kenya, na ya nne ya Uganda. Hizo 6.12 ni Juni 1912, bunduki ilipotolewa kwa kikosi. Na 417? Wengi hudhani ni namba ya askari. La! Ni namba ya bunduki yenyewe katika kikosi hicho.

Usishangae ukikosa kisahani. Vita vilipopamba moto, viwanda vilitakiwa kuunda bunduki upesi, na kuanzia 1916 kisahani kikaanza kuachwa. Bunduki bila kisahani si lazima iwe ya bandia.

Za bandia zipo, tena nyingi, kwa sababu jina la kikosi maarufu hupandisha bei. Chukua vita vya Isandlwana, Afrika Kusini, ambako Wazulu waliwashinda Waingereza tarehe 22 Januari, 1879. Kikosi kilichoangamia zaidi kilikuwa Rejimenti ya 24, kilichobeba bunduki aina ya Martini-Henry. Muuzaji akikuapia kwamba yake ilikuwa huko, soma mwaka ulio kwenye chuma. Ukiona 1882, mwage kwaheri. Aidha, mwaka wa 1881 rejimenti hizo zilivuliwa namba zikapewa majina; ya 24 ikawa South Wales Borderers. Kwa hiyo herufi S.W.B. haziwezi kuwa zilipigwa kabla ya vita hivyo.

Jambo moja nakusihi, msomaji. Kisahani kichafu kisikutie tamaa ya kukisugua kwa majivu au dawa ya kung'arishia shaba. Chapa hizo hazina kina. Ukisugua leo na mwakani, utabaki na sarafu inayometameta isiyosema neno. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Na ukikuta bunduki kuukuu darini au shambani, usiiguse wala kuwaachia watoto. Huenda ina risasi, na kuweka silaha bila cheti ni kosa. Waite polisi.

Lakini babu angali hai kijijini? Au nyanya anakumbuka marehemu mumewe alivyosimulia? Muulize Jumapili hii: alikuwa batalioni ya ngapi? Andika jibu kwenye daftari. Siku ukisimama mbele ya kabati la makumbusho na kuiona namba hiyo kwenye kisahani, utajua unatazama silaha ya kikosi cha nyumbani kwenu.