Sikuleta Maji ya Mlima Kenya



Tangu niweke hapa picha za Ziwa Michaelson, jumbe zimekuwa nyingi. Wengi mmesema tu kwamba Mungu ni mkuu, nami nasema amina. Lakini watu 11, nimewahesabu, wameniuliza swali moja: Pasta, ulituletea maji? Jibu ni hapana. Wala si kwamba nilisahau. Nilikataa kuyabeba.

Kwa wale ambao hawajafika, ziwa hilo liko Mlima Kenya upande wa Chogoria, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, katika bonde la Gorges. Zamani sana barafu kubwa iliteremka hapo ikikwangua mwamba, ikaacha shimo kama bakuli, na bakuli likajaa maji. Juu yake kuna jabali lililosimama wima ambalo wapanda mlima huliita Hekalu. Chungulia ziwa ukiwa pale juu, halafu usome tena jinsi Shetani alivyomwambia Bwana wetu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu. Magoti yatakufundisha. Pimbi, wale ambao Biblia inawaita wibari, wanarukaruka kwenye mawe bila wasiwasi. Vijana wetu waliimba pambio mbili. Ya tatu pumzi ikakata.

Nilimwabudu Mungu pale na nitapanda tena. Sina shida na mlima. Shida yangu ni chupa.

Kuna biashara inaendelea na mnaijua. Mtumishi anapanda mlima, au anasema amepanda, kisha anarudi na "maji ya upako", nusu lita shilingi 1,000. Mama mmoja ameniruhusu niandike haya bila kumtaja. Mwanawe ana kifafa. Alinunua chupa 3, akaambiwa ampe kijana asubuhi na jioni, na aache vidonge kwa sababu eti vidonge vinapigana na imani. Siku ya nne kijana alianguka karibu na jiko, akaungua mkono. Namshukuru Mungu anaendelea kupona, na dawa amerudia. Aliyemuuzia maji hashiki simu siku hizi.

Kwa hiyo mkiniona mkali leo, nivumilieni.

Fungueni Yohana 5. Mtu alikuwa mgonjwa miaka 38, amelala kando ya birika, akingoja mtu wa kumtia majini. Yesu alipofika hakumtia majini. Hakuchota hata tone. Alisema naye, na yule mtu akajitwika godoro lake akaenda zake. Birika likabaki pale pale.

Najua mtaniletea Naamani. Sawa, lakini tusome sura yote, 2 Wafalme 5. Naamani aliambiwa ajichovye Yordani, mto ambao yeye mwenyewe aliudharau. Kama nguvu ilikuwa ndani ya maji, mbona wenye ukoma wa Israeli, ambao Yordani ulikuwa wao, hawakupona? Yesu mwenyewe alilitaja jambo hilo katika Luka 4. Na ndiyo, Naamani aliomba udongo, mzigo wa nyumbu wawili, arudi nao kwao. Alikuwa mchanga katika imani na nabii alimwacha aende kwa amani. Ila Elisha hakumuuzia udongo, na zawadi zake alizikataa kabisa. Aliyekimbia nyuma ya gari kutafuta fedha na mavazi ni Gehazi, na ukoma wa Naamani ukahamia kwake. Wauza chupa wanaipenda sana sura hii, lakini mahubiri yao huishia mstari wa 14.

Halafu hayo maji unayouziwa, Mungu ameshayagawa bure. Mto Nithi unatoka katika bonde hilo hilo la ziwa. Unashuka msituni, unapita chini ya lile daraja la Nithi ambalo familia nyingi zinalijua kwa machozi, na mwisho maji yake yanaingia Mto Tana. Watu wa Garissa wanayanywa kila siku na hawajadai kwamba wana upako kutuzidi. Hata sisi tukiwa kambini tuliyachemsha kwanza, kwa sababu wapandaji ni wengi na kule juu vyoo ni vichache. Sasa wewe unampa mgonjwa maji mabichi.

Kama kuna jambo la mlima la kutupeleka magotini, ni barafu yenyewe. Ile ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Watoto wetu huenda wasiione. Sijamwona muuza chupa hata mmoja akiliombea hilo.

Kama una chupa ya namna hiyo nyumbani, usione aibu. Wengi walinunua kwa sababu ya uchungu, na mzazi mwenye uchungu hufanya lolote. Niandikie faragha, tuzungumze. Na kama mgonjwa wako aliachishwa dawa, usingoje ibada: mrudishe kliniki kesho asubuhi. Jumapili tutaombea wagonjwa bila malipo, kama kawaida yetu. Njoo naye, na mbebe dawa zake.